Lori Halishiki Upepo: Pa Kuanza Kutafuta

Dereva akija kwetu kusema "gari halishiki upepo", yaani upepo unaoendesha breki za lori unapungua, swali letu la kwanza huwa: unapungua lini? Jibu lake huonyesha pa kuanzia, na huokoa fedha zinazotupwa kwenye vipuri ambavyo havikuwa vibovu.

Egesha lori mahali tambarare na uzuie magurudumu kwa mbao au mawe mazito. Jaza upepo hadi mshale wa geji ya upepo ukome kupanda, zima injini, kisha achia hendibreki. Tulia dakika moja ukiangalia mshale. Kipimo kinachotumika Marekani, ambacho tunakiona kizuri, kinaruhusu lori lisilo na tela kupoteza psi 2 tu (psi ni kizio cha shinikizo la upepo) kwa dakika, na lenye tela psi 3. Halafu kanyaga breki hadi mwisho, mshale ukishatulia, shikilia dakika nyingine: sasa mwisho ni psi 3, au 4 kwa lenye tela. Kwa geji ya bar, psi 3 ni kama bar 0.2 tu, kwa hiyo angalia kwa makini. Utingo azunguke gari akisikiliza huku pedeli imekanyagwa.

Upepo ukivuja pale tu unapokanyaga, shuku diaframu (raba za ndani) za busta, yaani vikopo vya upepo vinavyosukuma breki kwenye magurudumu, mipira ya upepo inayokwenda kwenye busta hizo, au vali ya chini ya pedeli. Ukivuja pale tu unapoachia hendibreki, tatizo liko upande wa springi (ile inayokaza hendibreki) wa busta za nyuma au mipira yake. Ukivuja tela likiunganishwa tu, anza na raba za vichwa vya mipira ya upepo inayounganisha tela. Ni kipuri cha bei ndogo, na ndicho kinachosahaulika zaidi. Paka maji ya sabuni panaposhukiwa: povu litakuonyesha.

Pengine hakuna panapovuja, ila mtungi wa upepo unachelewa kujaa. Hapo angalia filta ya hewa, mkanda ikiwa kompresa inautumia, kisha kompresa yenyewe, inayojaza upepo. Fungua koki ya chini ya mtungi. Maji mengi yanaonyesha draya, kikausha upepo, imechoka. Oili nyingi inaonyesha kompresa inapitisha oili.

Tunawasihi madereva waache kupiga resi (kukanyaga mafuta gari likiwa limesimama) ili mshale usishuke. Uvujaji unabaki palepale, umefichwa tu. Kwenye mteremko kama Kitonga au Sekenke, ukikanyaga na kuachia breki mara kwa mara, upepo hutumika haraka kuliko kompresa inavyojaza. Shuka kwa gia ndogo. Kengele ya upepo mdogo hulia karibu na psi 60, na ikilia simama papo hapo, maana bado una nguvu ya kusimama.

Jambo linalotuumiza zaidi ni hili. Breki za springi hukazwa na springi na huachiwa na upepo. Upepo ukiisha, magurudumu hukaza. Wapo wanaoibana springi kwa bolti ili safari iendelee na mzigo. Wameondoa breki ya mwisho iliyokuwa imebaki. Wengine hufungua busta ya springi kando ya barabara. Springi ile imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu. Gari lililofika hapo livutwe hadi gereji, na mzigo uhamishiwe lori jingine.