Je, wajua kwa nini biringanya lililooza hufundisha baiolojia kuliko mhadhara?

Mwaka 2010, mjini Durban, Afrika Kusini, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal alikwangua uozo ulioshikamana chini ya biringanya, akaupeleka maabara. Alikuwa akiwinda bakteriofaji, yaani virusi visivyo na habari na binadamu, kazi yao ni kushambulia bakteria tu. Akakipata kimoja, kikaitwa Muddy, kikahifadhiwa kwenye friza pamoja na maelfu ya wenzake.

Miaka minane baadaye, katika hospitali ya Great Ormond Street jijini London, binti wa miaka 15 aliyebadilishiwa mapafu yote mawili alikuwa amezidiwa na Mycobacterium abscessus, bakteria aliyekuwa amezishinda antibayotiki zote. Madaktari wakampa kwa mshipa mchanganyiko wa virusi vitatu, Muddy akiwemo; viwili vingine vilikuwa vimerekebishwa jeni zake kwanza. Maambukizi hayakwisha kabisa, lakini vidonda vilianza kufunga na binti akarudi nyumbani. Habari hiyo ilichapishwa kwenye jarida la Nature Medicine mwaka 2019.

Uwindaji huo wa Durban ulitokana na mtindo wa kufundisha uliokuzwa na Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Tangu 2008, kupitia mpango uitwao SEA-PHAGES, wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchota udongo popote wapendapo, huuloweka, huchuja maji yake, kisha huyachanganya na Mycobacterium smegmatis, ndugu asiye na madhara makubwa wa kimelea cha kifua kikuu. Mchanganyiko humwagwa juu ya sahani ya agari, yaani rojo la kukuzia bakteria. Baada ya siku moja au mbili, bakteria huwa wametanda kama ukungu. Kukiwa na virusi, ndani ya ukungu huo huonekana vidoa angavu, mahali ambapo bakteria wameliwa. Mwanafunzi hukisafisha kirusi chake, hukipa jina, na muhula unaofuata husoma jeni zake, nyingi zikiwa hazijulikani kazi yake kwa mtu yeyote duniani.

Hapo kwenye “kwa mtu yeyote” ndipo penye siri. Praktikali nyingi tulizozizoea jibu lake liko kwenye kitabu cha mwongozo. Sahani isipoota, mwanafunzi anamwomba jirani matokeo, anayanakili, maisha yanaendelea. Jioni anasoma desa, yaani majibu ya kunakili, la mwaka jana na kumbe namba ni zilezile. Lakini kwa kirusi ambacho hakijawahi kuonekana, hakuna desa. Sahani ikibaki bila doa hata moja, inabidi afikiri: je, udongo ulikuwa mkavu mno? Agari ilikuwa ya moto ikaua bakteria? Nilisahau sahani ya kulinganishia? Maswali hayo ndiyo mikrobiolojia yenyewe, na hakuna slaidi inayoweza kumuulizia.

Ushahidi upo, na si kwa virusi peke yake. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara mitupu na madarasa ambayo mwanafunzi anafanya, anajadili, anatatua. Kwenye mihadhara, waliofeli walikuwa asilimia 33.8, kwenye madarasa ya kushiriki, 21.8. Anayejua uchungu wa kukamata sapu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli, ataelewa tofauti hiyo ina maana gani kwa familia iliyouza ng’ombe ili mtoto asome.

Mbona basi wanafunzi wengi hupenda mhadhara? Utafiti wa Harvard wa mwaka 2019, kwenye madarasa ya fizikia, ulikuta waliojifunza kwa kushiriki walipata alama zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Mhadhara mzuri huteleza masikioni, na mteremko huo tunaudhani kuwa ni uelewa. Kuhangaika kunachosha, na uchovu tunauona kama kushindwa. Mhadhiri anayebadilisha mtindo awaambie wanafunzi jambo hili siku ya kwanza kabisa, la sivyo wiki ya tatu watamlalamikia kwamba hafundishi.

Najua jibu litakalokuja kutoka vyuo vyetu: darasa lina watu mia tatu, bajeti hakuna. Ni kweli, hadubini ya elektroni na kusoma jenomu, yaani jeni zote za kirusi, ni ghali. Ila hatua ya kwanza, ile inayomshtua mwanafunzi, si ghali hivyo. Aina zisizo na madhara za bakteria E. coli hukua usiku mmoja, na virusi vyake vimejaa kwenye majitaka. Kichujio cha matundu ya maikromita 0.22 kikikosekana, klorofomu huua bakteria na kuviacha virusi vingi vikiwa na nguvu zake. Majitaka yashikwe kwa glavu, sahani zote zichemshwe kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo) kabla ya kutupwa, na kazi igawanywe kwa makundi ya wanne wanne, kila kundi na sampuli yake: huyu mfereji wa bwenini, yule bwawa la samaki, mwingine banda la kuku la mama yake. Keshoye asubuhi waje na sahani zao, na kabla mhadhiri hajasema lolote, kila kundi lieleze kwa nini lake lina vidoa au halina.