Kontrol boksi ya injini ya gesi inafanya nini hasa?

Ukisema injini ya gesi mtu anawaza mtungi wa kwenye buti, basi. Kumbe mwenye kazi ni kontrol boksi, kompyuta ndogo inayoamua gesi kiasi gani iingie na iwashwe saa ngapi.

Tutenganishe kwanza maana hapa watu wanachanganya sana. Teksi na bajaji za Dar zilizofungwa mfumo wa gesi ni injini za petroli, zina plagi, zinachoma gesi au petroli, sio vyote kwa mpigo. Injini ya mafuta mawili ile yenyewe ni dizeli, inachoma gesi na dizeli pamoja. Gesi asilia karibu yote ni methane na methane ngumu kuwaka kwa kubanwa tu, inataka joto la nyuzi 500 na ushee wakati dizeli 200 na kitu inawaka, kwahiyo gesi inaingia na hewa, pistoni inabana, halafu nozeli inarusha dizeli kidogo ndo inawasha moto. Kwenye mitambo mikubwa ya kisasa hiyo dizeli haifiki hata asilimia 1 ya nishati yote.

Sasa utamu uko hapa. Injini kubwa za gesi, mfano za kufua umeme, zinapewa hewa nyingi kupita kiasi, hata mara mbili ya inayotakiwa, ili moto usiwe mkali sana na moshi uwe msafi. Ila gesi ikizidi kidogo injini inagonga, yaani gesi inajilipukia yenyewe, na kugonga kunatoboa pistoni, ikipungua kidogo inamisi, yaani moto haushiki, na gesi mbichi inatokea ekzosi. Mzigo ukipanda hiyo nafasi ya katikati inazidi kubana, gavana ya springi, kile kidhibiti mwendo cha kizamani kisicho na kompyuta, haiwezi kabisa. Ndo maana kila silinda inawekewa sensa yake ya kusikiliza kugonga, kuna za joto la moshi, presha ya hewa, mkao wa krenki, na silinda moja ikianza kugonga boksi inachelewesha taiming (saa ya kuwasha moto) ya hiyo tu au inaipunguzia gesi, zingine zinaendelea kama kawa. Isipotulia, ile ya mafuta mawili inakata gesi na kurudi dizeli tupu hapohapo, umeme haukatiki. (Fundi anayeidanganya sensa ili taa ya dashibodi izime, mkimbie.)

Kwenye gari ndogo boksi ya gesi inasoma muda ambao boksi ya petroli ilitaka kufungua nozeli, inaurekebisha kwa joto na presha ya gesi, ndo inafungua nozeli za gesi. Na asubuhi inawasha kwa petroli kwanza mpaka maji yapate moto, maana gesi ikishuka kutoka bar 200 inapoa vibaya mno, regyuleta (kile kifaa kinachoshusha presha) inaweza kuganda.