“Ami, Mimi Nimezaliwa Baharini”: Ninayoyasikia Kila Nikipeleka Watu Maziwa ya Mlimani

Juzi nimelisikia tena. Kijana kaja kulipia safari ya Mlima Kenya, namuuliza kama ana laifu jaketi au nimtafutie, ananitazama kama niliyemtukania mama. “Ami, mimi mtoto wa Shella, Malindi. Maji utanifundisha wewe?”

Mwaka wa kumi na moja huu nawapeleka watu wa kwetu, kuanzia Malindi hadi Lamu, wakapige kambi kwenye maziwa ya kule juu: Ellis, Alice, Rutundu, na Michaelson kwa wenye magoti. Sijawahi kupata kundi lisilo na mtoto wa Shella wake. Mtu wa Nyeri asiyejua kuogelea hanipi shida, kwa sababu hataingia. Anayenikosesha usingizi ni huyu bingwa wetu.

Basi tuelewane. Kujua bahari na kuhimili baridi ni mambo mawili. Bahari ya Malindi mwaka mzima inacheza kati ya nyuzi 25 na 30. Umeogelea maisha yako yote ndani ya maji ya kuoshea mtoto. Ziwa Ellis liko karibu mita 3,450 juu ya usawa wa bahari, na mara ya mwisho nilipotumbukiza kipimajoto asubuhi kilisoma 9. Ngozi ikipigwa na maji kama hayo kwa ghafla, mwili huvuta pumzi moja kubwa wenyewe, bila kukuomba ruhusa. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, ulichovuta si hewa. Kisha pumzi zinakwenda mbio usizoweza kuzishika, moyo unadunda, presha inapanda. Hali hiyo hudumu dakika moja hadi tatu, na ubingwa hauizuii. Mzamiaji na asiyejua kitu wanapigwa sawa, ila mzamiaji ndiye anayeingia kwa kichwa.

Nilikuwa na mvuvi mmoja wa Mayungu, mtu wa kuzamia kambakoche bila mtungi wa hewa. Tumefika Ellis saa nne asubuhi, jua linawaka, maji hayana hata kikunjo. Nikasema ngojeni. Yeye keshavua shati, kakaza kikoi, kakimbia mpaka maji yakamfika kiunoni, akapiga mbizi. Alipoibuka hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Mdomo wazi, macho yamemtoka, anahema kama mbwa aliyekimbizwa, mikono inachapa maji naye hasogei. Kamba niliyomrushia aliikosa mara mbili. Tulipomtoa alijaribu kukifunga upya kikoi chake, fundo likamshinda. Mtu huyu hufunga ndoana gizani, mashua ikiyumba. Mwenzake ndiye aliyemfungia.

Vile vidole ni hatua ya pili. Wanaofundisha uokoaji wa maji baridi huwa na hesabu rahisi: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika moja ya kuitafuta pumzi. Kama dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakutii, kisha inagoma kwa sababu mwili unaivuta damu ndani ukilinda moyo na ini. Na karibu saa nzima kabla baridi yenyewe haijakuzimisha. Kwa hiyo ukisikia mtu kafa ziwani mlimani, usidhani aliganda. Mara nyingi alizama mapema, misuli ikiwa imegoma, hatua chache kutoka ukingoni.

Tena kuna la chumvi, ambalo watu wetu hawalifikirii kabisa. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, ya ziwa 1,000. Zile 25 ndizo zinazokubeba ukilala chali pale ufukweni Silversands ukitazama mawingu. Ziwani miguu inazama, nawe unashangaa nani anakuvuta. Wengine wananiambia ni jini. Hapana, ni chumvi, umeiacha nyumbani.

Ninavyowaingiza mimi, na anayekataa hukaa ukingoni kutunza viatu: laifu jaketi mwilini, kamba mkononi mwa mtu aliye nchi kavu, na unaingia kama bibi anayetafuta chaza maji yamekupwa. Taratibu. Lowesha mikono, kisogo, uso. Yakifika kifuani simama, usome Al-Fatiha kwa sauti, mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Mkristo asome Baba Yetu. Ukikatika katikati ujue pumzi haijarudi, hujaruhusiwa kwenda popote. Ukiteleza ukaangukia kwenye kina, usipigane na maji: lala chali, uelee mpaka pumzi itulie, ndipo uogelee. Mwenye presha au moyo mbovu anawe miguu, inatosha.

Ukitoka usijione umemaliza. Mwili huendelea kupoa ndani hata baada ya kutoka majini, ndiyo maana mtu huanza kutetemeka vibaya akiwa keshajifuta. Nguo kavu mara moja, kofia, chai ya tangawizi yenye sukari. Pombe inakupa joto la uongo: inaipeleka damu kwenye ngozi, joto linatorokea huko.

Sasa hayo mengine, haraka.

“Si ni ikweta pale? Baridi itoke wapi?” Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kama nyuzi 6 na nusu. Piga hesabu ya Malindi nyuzi 30, uone Ellis unabaki na ngapi mchana. Usiku ni barafu juu ya hema. Na kikoi, jamani. Kikoi ni pamba, kikilowa hakikauki kule, kinakunyonya joto usiku kucha. Nenda mitumba ukanunue sweta la sufu, hata kama limechorwa kulungu wa Krismasi.

“Tupige hema karibu na maji, kuna joto.” Baharini sawa. Mlimani hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kujikusanya pale pale bondeni, kandokando ya ziwa. Isitoshe nyati nao hupenda kuja kunywa. Panda juu kidogo.

“Mimi nakimbia ufukweni kila asubuhi, mwinuko haunisumbui.” Hili nalo lanichosha. Ugonjwa wa mwinuko hauulizi mazoezi. Huanza kuwapata watu kuanzia mita 2,500 hivi, na geti la hifadhi la Chogoria tayari liko karibu mita 2,950. Sisi tunatoka sifuri. Kwenye mita 3,500 kila pumzi inakupa kama theluthi mbili tu ya hewa ya Malindi. Wenye mapafu ya ufukweni ndio wanaopanda mbio, na ndio wa kwanza kutapika. Ratiba yangu ina usiku mmoja wa ziada chini, na kila safari kuna anayelalamika kuwa nampotezea siku. Kichwa kikiuma, hupandi zaidi siku hiyo. Ukianza kupepesuka, au ukikosa pumzi hata umekaa, unashushwa, hata kama ni saa nane ya usiku. Kumeza dawa ya maumivu ili usinionyeshe ni kunidanganya mimi; mlima haudanganyiki.

“Samaki wa kule ni wao wa asili, tutavua tu.” Samaki wa kule ni trauti, nao ni wageni. Wa kwanza waliletwa Kenya na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan mwaka 1905, kutoka Uskoti. Maziwa mengi ya juu yalikuwa hayana samaki kabla ya kupandikizwa. Pale ni hifadhi ya taifa chini ya KWS, shirika la wanyamapori, kwa hiyo kibali na masharti uulize getini kabla hujatoa ndoana. Nyavu na chambo chako cha ngisi, uache kwa mkeo.

“Maji meupe vile si ya kuchemsha.” Juu yako kuna wapanda mlima, na wapanda mlima wana matumbo. Chemsha. Kwenye mita 3,500 maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, yaache yatokote dakika tatu, vijidudu vitakufa. Wali ndio hauivi. Mama mmoja wa Shella hapa Malindi alibeba viungo vyote vya pilau, akakaa na sufuria saa mbili, anafunika, anafunua, anaongeza maji. Chini uji, juu mchele. Hakusema na mtu mpaka asubuhi. Beba tambi.

Na ndiyo, ni kweli Prince William alimchumbia Kate huko Rutundu mwaka 2010, si Maasai Mara. Hapana, mimi sikuwapo.