Kokeji si ushuru

Jumamosi iliyopita tulikaa kikao nyumbani kwa dada mmoja hapa Houston, Watanzania na Wakenya kama kumi na tano hivi, kupanga safari ya meli ya kitalii itakayoondokea bandari ya Galveston. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye vinywaji. Mweka hazina wetu akasoma kwenye daftari lake: "Ushuru wa kuingiza waini melini, dola 15 kwa chupa." Kaka mmoja akadakia palepale: "Basi hakuna shida. Mimi nina Konyagi mbili za nyumbani, nitazilipia hiyo kokeji niingie nazo." Mama mmoja, ambaye pombe hagusi, akauliza kwa wasiwasi kama na katoni yake ya maji ya chupa itabidi ailipie kokeji.

Neno moja, watu watatu, na kila mmoja amelishika pasipo pake. Nimelisikia likikosewa hivyo tangu vikao vya kamati za harusi Dar es Salaam, na sasa limetufuata mpaka Texas. Siku ile nilinyamaza kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Leo naandika.

Kokeji ni malipo anayotoza mwenye ukumbi, mgahawa, hoteli au meli pale mgeni anapokuja na kinywaji chake mwenyewe na kuhudumiwa nacho hapo. Unaleta chupa yako, wao wanakufungulia, wanakupa glasi, barafu, meza na mhudumu, kisha wanaosha glasi hizo. Unachokilipia ni hicho.

Shida inaanzia kwenye jina. Kokeji tumelitoa kwenye Kiingereza, nalo huko limejengwa juu ya neno la koki, lile gamba jepesi linaloziba chupa ya mvinyo. Gamba hilo ni la mti wa jamii ya mwaloni (mwaloni wa kwenye Biblia, si Mwaloni ya Kirumba kule Mwanza wanakouza dagaa), na Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya gamba lote linalovunwa duniani. Mti hausumbuliwi mpaka ufikishe miaka kama 25, ndipo ubanduliwe kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo huachwa miaka tisa kabla ya kubanduliwa tena. Waingereza wenyewe inaelekea neno la koki walilipata kwa Wahispania, na wapo wataalamu wanaosema Wahispania nao walilitoa kwa Waarabu wa Andalusia, ingawa wengine wanalirudisha kwenye jina la Kilatini la mwaloni. Kufika karne ya 19 wenye nyumba za wageni Uingereza walikuwa tayari wanatoza malipo kwa mgeni anayekunywa mvinyo ambao haukununuliwa kwao, na malipo hayo wakayapa jina la kile kilichokuwa kinang'olewa kwenye mdomo wa chupa.

Kwa hiyo jina la Kiingereza limeng'ang'ania kitu, wakati malipo yenyewe ni ya kazi. Hapo ndipo naona Kiswahili kingetusaidia zaidi, kama tungekisikiliza.

Sisi tuna kizibo. Kizibo hakijali kimetengenezwa kwa nini. Gunzi la muhindi lililochomekwa kwenye kibuyu ni kizibo. Kile cha bati cha soda ni kizibo; wengi wetu tulijifunzia hesabu za darasa la kwanza kwa vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye waya, na barazani wazee wanachezea drafti. Gamba la Ureno nalo ni kizibo. Jina linatokana na tendo: kinachoziba ni kizibo. Na tendo la kuziba lina pacha wake wa kinyume, kama funga alivyo na fungua, kunja na kunjua, tata na tatua. Ziba, zibua. Hata kile chombo cha chuma kilichosokotwa cha kung'olea koki kina jina lake kwenye kamusi zetu, kizibuo, ijapokuwa baa zote utasikia opena.

Tazama sasa. Anayeziba ni mwenye kiwanda cha mvinyo, naye umeshamlipa dukani. Anayezibua ni mhudumu wa meli. Malipo ya meli ni ya kuzibua. Ndiyo maana napendekeza, kwa anayetaka kuliacha neno la kokeji, aseme ada ya kuzibua. Nimeshasikia watu wakisema "ada ya kizibo", nayo si mbaya, lakini inarudisha kosa lilelile la kudhani kwamba unalipia kitu. Kizibo ni chako, ulikuja nacho.

Na hilo neno la kwanza, ada, nalichagua makusudi, maana kosa la mweka hazina wetu liko hapo. Ada asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya desturi, na kwetu limebaki na pande zote mbili: tunasema ada na desturi, na tunasema ada ya shule. Ni malipo ambayo watu wamezoea kupeana kwa ajili ya huduma au shughuli fulani. Ushuru ni habari nyingine. Ushuru unatoka kwenye neno la sehemu ya kumi, mzizi uleule wa ishirini na wa siku ya Ashura, ya kumi ya Muharram. Ni fungu ambalo mwenye mamlaka anakata kwenye mali inayopita mpakani au sokoni kwake. Mwenye ukumbi hana ushuru. Meli haina ushuru. Serikali ndiyo yenye ushuru.

Mtu ataniambia haya ni mambo ya maneno tu, pesa ni pesa. Safari ya Galveston inaonyesha kwamba sivyo, kwa sababu humo chupa inaweza kukutana na ada na ushuru, kila kimoja mahali pake, na ukivichanganya utalipa usichodaiwa au utashangazwa na unachodaiwa.

Chukua chupa ya mvinyo unayoingia nayo siku ya kwanza. Kampuni za Carnival na Royal Caribbean zinamruhusu kila mtu mzima, kwao ni miaka 21 kwa safari zinazoanzia Marekani, kuingia na chupa moja ya mililita 750 ya mvinyo au shampeni, haijafunguliwa, imebebwa kwenye mzigo wa mkononi. Getini hulipi senti. Ukienda nayo chumbani kwako ukaifungua mwenyewe, hulipi. Ukiipeleka kwenye chumba kikuu cha chakula ikafunguliwa na mhudumu, hapo ndipo inakuja ile dola 15. Chupa ni ileile na meli ni ileile, kilichobadilika ni nani amezibua. Ungekuwa ushuru, ungelipwa mlangoni, na meli isingejali unainywea wapi.

Sasa chukua chupa ya tekila uliyoinunua Cozumel, kisiwa cha Mexico, meli ilipotia nanga. Hiyo ukirudi melini unaikabidhi kwa walinzi, inawekewa alama yako, na unarudishiwa mwisho wa safari. Na hata ile uliyoinunua kwenye duka la melini kwa bei isiyo na ushuru mara nyingi hukabidhiwi mpaka safari ikikaribia kwisha. Hakuna ada ya kuzibua hapo kwa sababu hakuna anayeizibua. Lakini ukishuka Galveston, forodha ya Marekani kwa kawaida inampa mtu wa miaka 21 lita moja bila ushuru, na zaidi ya hiyo anaweza kutozwa. Na jimbo la Texas lina mamlaka yake ya vileo, yenye maofisa palepale kwenye jengo la abiria la bandari, wanaokusanya kodi ya jimbo kwenye pombe unayoingia nayo kutoka nje. Wageni wengi hili huwakuta njiani kwenda kwenye gari, na huwa wakali wakidhani wanatozwa mara mbili. Ule ndio ushuru, dada mweka hazina. Uandike kwenye mstari wake, ukurasa wa siku ya mwisho.

Kosa la kaka wa Konyagi linaniuma zaidi, kwa sababu linatoka kwenye tabia nzuri. Yeye ni mtu muungwana, anataka alipe ili asimkosee mtu. Ila amedhani kokeji ni ruhusa inayonunuliwa: kwamba kitu kilichokatazwa kinaruhusika ukikilipia. Ada ya kuzibua haifungui mlango. Mlango unafunguliwa na kanuni ya meli, nayo inasema pombe kali haiingii na abiria siku ya kupanda, iwe Konyagi, iwe wiski, iwe gongo la nani. Mizigo inapita kwenye mashine ya eksirei kama uwanja wa ndege. Chupa ikionekana inachukuliwa, na usitegemee kufidiwa. Hakuna dirisha la kulipia hapo, na ukimpa mlinzi pesa hiyo itakuwa na jina lingine kabisa ambalo sote tunalijua.

Nilijiuliza kwa nini kosa hili ni la kwetu hasa, na nadhani linatoka kumbini. Dar es Salaam kamati ya harusi inanunua kreti zake za bia na soda kwa jumla, kisha ukumbi unatoza kokeji kwa kreti. Anayelipa ni mweka hazina, analipa kabla ya sherehe, mara nyingi getini magari yakishusha mzigo. Hakuna anayeona chupa hata moja ikizibuliwa. Pesa inatoka, geti linafunguka, kreti zinaingia. Mtu yeyote angedhani amelipa ushuru wa kuingiza bidhaa. Na wapo wenye kumbi ambao kweli wanaitumia hivyo, wanatoza kokeji kisha barafu hawana, glasi hawana, wahudumu unaleta wako. Nimewahi kuwa kwenye kamati iliyolipa kokeji ya ukumbi mmoja na bado tukaagiza barafu wenyewe saa tatu usiku. Huo ulikuwa ushuru uliovishwa jina la ada, na ninaelewa kwa nini aliyezoea hivyo haoni tofauti.

Ni haki pia kusema kwamba si meli zote zinazolifuata neno lilivyo. Kampuni ya Norwegian wanaruhusu chupa za mvinyo lakini wanatoza wakati wa kupanda, dola 15 kwa ya mililita 750 na dola 30 kwa ile kubwa ya lita moja na nusu, na haijalishi utaifungulia mezani au chumbani. Hapo mweka hazina wetu angekuwa na hoja. Wanaliita kokeji, ila linafanya kazi ya geti. Disney kwa upande wao wanamruhusu mtu mzima chupa mbili za mvinyo au bia sita, siku ya kupanda na tena kwenye kila bandari, na kokeji wanaitoza pale unapoileta chupa yako kwenye chumba cha chakula. Bei hizi na kanuni hizi hubadilishwa, kwa hiyo soma za meli yako wiki unayosafiri, usisome za shemeji aliyekwenda mwaka juzi.

Kwamba meli zinajali chupa yako kiasi hicho kuna sababu isiyofichwa. Mwaka 2023 karibu theluthi moja ya mapato ya Carnival na ya Royal Caribbean haikutoka kwenye tiketi. Ilitoka kwenye yale watu waliyoyanunua wakiwa melini na shughuli nyingine, vinywaji vikiwemo. Tiketi inakuwa nafuu kwa sababu baa ipo. Ukija na chupa yako, baa inakosa mauzo; kokeji inaziba pengo hilo kidogo, na mimi sina ugomvi nayo, mradi mhudumu aje na glasi safi.

Mama wa maji ndiye niliyetaka kumjibu siku ileile, kwa sababu swali lake lilikuwa na hofu na jibu lake ni jepesi. Maji hayana kokeji. Ila katoni ya chupa haitaingia, na hilo halihusiani na malipo: mwaka 2015 Carnival walikataza maji na soda za chupa kwa sababu watu walikuwa wakimwaga maji, wanatia vodka, wanafunga kizibo upya kana kwamba chupa haijaguswa. Waliokosa ni wanywaji, wakaadhibiwa na wasiokunywa. Kinachoruhusiwa na Carnival ni makopo au maboksi madogo hadi 12 kwa mtu, yasiyozidi aunsi 12 kila moja, kwenye mzigo wa mkononi. Maji ya kunywa melini kwenye sehemu za chakula ni ya bure.

Basi dada mweka hazina, naomba pale ulipoandika ushuru, dola 15, ukate uandike ada ya kuzibua, na pembeni uweke alama kwamba ni kwa wale watakaopeleka chupa mezani tu. Wa chumbani wasikuchangie. Mama, maji nunua ya makopo. Na kaka, zile Konyagi ziache kabatini. Tukirudi tutakuja kwako, na kuzibua tutazibua wenyewe.