Malkia hakuwa na sura ile

Hapa Mombasa, barazani Mji wa Kale, bado wasikia watu wakisema ati picha za kuchorwa za wafalme ni kama picha za simu tu, mchoraji kakaa kachora alichokiona. Si hivo jamani. Chukua ile ya Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza iliyochorwa baada ya meli za Uhispania kushindwa 1588, mama ana miaka kama 55 na ashaugua ndui 1562, lakini uso hauna hata kunyanzi moja, mkono uko juu ya tufe la dunia, vidole vimelalia Amerika, na nyuma yake kuna madirisha mawili, huku meli zake, huku za adui zavunjika kwa dhoruba. Lulu zimemjaa mwilini, alama ya ubikira. Yote yamepangwa. Kwenye 1600 hivi, akikaribia 70, wakamchora kama msichana, joho limejaa macho na masikio, na wengi wasema maana yake malkia aona na asikia kila kitu, mi hio ndo hunishika zaidi. Na 1596 baraza lake la ushauri liliamuru picha zinazomtia aibu ziharibiwe, kwa hio wachoraji walijua mpaka wao.