Uhamaji wa ndege wavumaji majira ya machipuko: maana yake na jinsi unavyokwenda

Mwezi Machi niliwarushia ndugu zangu kwenye kundi letu la WhatsApp video fupi ya ndege mdogo akinywa maji ya sukari kwenye kibaraza changu hapa Houston, Marekani. Mama akawahi kujibu: "Mwanangu, huyo si chozi? Mbona hapa shambani wamejaa kwenye migomba?" Mjomba naye akamuunga mkono. Sikuwashangaa. Chozi ni mdogo, anang'aa, ana mdomo mrefu na anafyonza maua. Lakini huyu si chozi, na maelezo yake yakawa marefu kuliko ninavyoweza kuandika kwa kidole gumba, ndiyo maana nimeyaweka hapa.

Huyu ni ndege mvumaji. Ndugu zetu wa Kongo, kwa kuazima Kifaransa, humwita kolibri. Jina la mvumaji limetokana na sauti ya mabawa yake, maana akipita karibu na sikio lako unasikia kitu kama nyuki mkubwa. Wako zaidi ya aina 350, na wote wanaishi mabara ya Amerika, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini kabisa ya Chile na Argentina. Afrika hayupo hata mmoja. Kenya wengi walimjua kupitia hadithi aliyopenda kuisimulia Wangari Maathai, ya ndege mdogo anayebeba matone ya maji mdomoni kuuzima moto wa msitu, na hadithi yenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Kwa ukoo, mvumaji yuko karibu zaidi na teleka, wale ndege wa angani wanaofanana na mbayuwayu, kuliko alivyo karibu na chozi. Kilichowafananisha chozi na mvumaji ni kazi: wote wawili wanaishi kwa mbochi, yale maji matamu yaliyomo ndani ya ua. Tofauti utaiona mara moja ukiwatazama wakila. Chozi kwa kawaida hutua kwenye tawi au kwenye ua lenyewe. Mvumaji husimama hewani mbele ya ua kana kwamba ametundikwa kwa uzi usioonekana, na akimaliza anarudi kinyumenyume.

Sasa neno uhamaji. Mtu akihama nyumba, amehama. Ndege mhamaji hahami kwa maana hiyo. Yeye ana makao mawili na njia inayoyaunganisha, na kila mwaka anaipita njia hiyo kwenda na kurudi. Majira ya machipuko ni ile miezi ya Machi, Aprili na Mei ambapo nchi za kaskazini theluji inayeyuka na miti inatoa majani mapya. Baadhi ya vitabu huyaita masika, na mimi naona neno hilo linampotosha msomaji, kwa sababu masika yetu ni mvua na haya ya kaskazini ni joto na mwanga unaorudi. Basi uhamaji wa machipuko ni ile safari ya kutoka kusini, ndege alikopisha baridi, kwenda kaskazini anakozaa. Ile ya kurudi kusini ni uhamaji wa vuli.

Mama anaujua uhamaji huu bila kuupa jina. Mbayuwayu wanaoingia Tanzania na Kenya kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi, pamoja na korongo weupe wanaotembea mashambani wakiokota panzi, huondoka mwezi wa tatu na wa nne kurudi Ulaya na Asia kuzaa. Wiki zilezile wanazotoka kwetu, wavumaji nao wanatoka Meksiko na Amerika ya Kati. Bahari mbili tofauti, kalenda moja.

Wavumaji wengi hawahami namna hii. Walio wengi wanaishi karibu na ikweta, maua yapo mwaka mzima, wana haja gani ya kusafiri? Wanaohama mbali ni wachache, na anayejulikana zaidi ni yule niliyempiga video, mvumaji koo-jekundu. Huyu ndiye mvumaji pekee anayezaa kwa kawaida mashariki ya mto Mississippi, hadi kusini mwa Kanada. Majira ya baridi anakaa kati ya kusini mwa Meksiko na Panama.

Uzito wake ni kama gramu 3. Chukua kijiko kidogo cha chai, kijaze sukari, kisawazishe kwa kidole: sukari hiyo ni nzito kuliko yeye. Kati yake na kaskazini kuna Ghuba ya Meksiko. Wapo wanaoizunguka kwa nchi kavu kupitia Texas, lakini wengine wengi huivuka moja kwa moja kutoka rasi ya Yucatan, huko Meksiko. Ni kama kilomita 800, karibu sawa na barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya, na humo njiani hakuna Morogoro wala Iringa. Hakuna ua, hakuna tawi. Safari inachukua takriban saa 18 hadi 22 bila kutua, mabawa yakipiga kama mara 50 kwa sekunde moja.

Anawezaje? Jibu ni mafuta. Wiki chache kabla ya kuondoka mvumaji anakula kama ambaye hataona chakula tena: mbochi, na pia wadudu wadogo na buibui, kwa sababu sukari peke yake haijengi mwili. Mafuta yanajikusanya chini ya ngozi mpaka uzito wake unakaribia mara mbili. Kisha anaondoka, mara nyingi jioni jua linapozama, na usiku kucha anayachoma mafuta yale kidogo kidogo. Akifika pwani ya Louisiana au Texas, amerudi kwenye gramu zake 3 au pungufu.

Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe hawakukubali kwamba jambo hili linawezekana. Hesabu walizokuwa nazo zilionyesha kwamba ndege huyu angeishiwa nguvu katikati ya maji. Mwaka 1962 Robert Lasiewski alichapisha vipimo vya kiasi cha nishati anachotumia mvumaji akiwa anaruka, na ikaonekana kwamba gramu 2 za mafuta zinatosha kumvusha. Kabla ya hapo watu walikuwa na jibu lao, kwamba wavumaji wanapanda migongoni mwa mabata bukini. Bado nasikia watu wakilisema hilo. Si kweli hata kidogo: mabata bukini hawaendi Amerika ya Kati kukaa majira ya baridi, wala ratiba zao hazilingani.

Kinachoamua nani atafika ni upepo. Ukivuma kutoka kusini, ndege wanapita juu ya pwani bila hata kusimama. Ukigeuka ghafla ukatoka kaskazini pamoja na mvua, wale walio katikati ya ghuba wanapambana nao kwa akiba inayokwisha, na wanaofika wanaanguka kwenye miti ya kwanza wanayoiona. High Island, kijiji cha pwani ya Texas kisicho mbali na hapa, kinajulikana kwa siku za namna hiyo, miti ikiwa imejaa ndege wa kila rangi waliochoka hata hawamwogopi mtu. Wengine hawafiki. Hilo nalo ni sehemu ya maana ya neno uhamaji.

Nani anawaambia wakati umefika? Si joto, maana huko waliko joto halijawahi kukosekana. Ni urefu wa mchana. Ubongo wa ndege unasoma mwanga unavyoongezeka siku hadi siku, mwili unabadilisha homoni, njaa inakuja, halafu utulivu unamtoka. Na hawaendi kwa makundi. Kila mmoja anasafiri peke yake, tena yule aliyezaliwa kiangazi kilichopita hakuwahi kuonyeshwa njia na mama yake. Alizaliwa nayo. Mimi hapa ndipo ninaponyamaza kila ninapolifikiria: ramani ya kilomita elfu kadhaa ndani ya ubongo usiozidi ukubwa wa punje ya kunde.

Madume hutangulia. Wa kwanza huonekana pwani ya ghuba mwishoni mwa Februari na mwanzo wa Machi, majike hufuata kama wiki moja au zaidi baadaye. Dume anawahi kushika eneo lenye maua na kulilinda, na anapigana na kila anayesogea, hata ndege mkubwa mara nyingi kuliko yeye. Akishapandana na jike, kazi yake imekwisha. Jike peke yake anajenga kiota kwa nyuzi za mimea na utando wa buibui, anakipamba nje kwa vipande vya kuvumwani, ule ukoga unaoota kwenye magome ya miti, mpaka kinafanana na kinundu cha tawi, na ndani anataga mayai mawili yasiyozidi ukubwa wa maharage. Utando wa buibui una sababu yake: unavutika, kwa hiyo kiota kinapanuka makinda yanapokua.

Kutoka pwani kwenda kaskazini haraka inapungua. Sasa anafuata maua yanavyofunguka, jimbo kwa jimbo, anaruka mchana chini chini pembezoni mwa misitu, akila njiani. Kusini mwa Kanada anafika kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, na pengine anakuta maua bado. Hapo anamtegemea ndege mwingine kabisa, aina ya kigogota mwenye tumbo la manjano, ambaye hutoboa safu za vitundu kwenye gome la mti ili utomvu utoke. Utomvu ule una sukari, na wadudu wanaoufuata ni nyama. Mvumaji anakula vyote viwili kwenye shimo asilolichimba.

Usiku wa huko bado ni wa baridi, na mwili mdogo hupoteza joto upesi. Moyo wa mvumaji akiwa kazini unaweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na moto wa namna hiyo hauwezi kuachwa ukiwaka hadi asubuhi bila kuni. Kwa hiyo anauzima karibu wote. Joto la mwili linashuka, moyo unapungua hadi mapigo kama 50 kwa dakika, anabaki ameshika tawi, pengine ananing'inia kichwa chini, na ukimgusa utaapa kwamba amekufa. Alfajiri anatetemeka, anapata joto, anaruka. Katika karne ya 16 padri Bernardino de Sahagún, aliyeandika elimu ya Wameksiko wa kale kwa lugha yao ya Nahuatl, alirekodi maelezo kwamba ndege huyu hujining'iniza kwenye mti majira ya baridi, mdomo umechomekwa kwenye gome, hadi mvua zikirudi anafufuka. Wengine watayaita maelezo hayo ushirikina. Mimi naona ni watu waliotazama kwa makini sana: walimwona akizimika, waliona akitoweka na kurudi kwa majira, wakayaunganisha.

Upande wa magharibi yuko mwenzake, mvumaji wa rangi ya kutu, ambaye safari yake ni ndefu zaidi, karibu kilomita 6,000 kutoka Meksiko hadi Alaska. Machipuko anapanda kwa pwani ya Pasifiki, ambako maua hufunguka mapema. Kurudi, mwezi wa saba na wa nane, anapita milima ya Rocky, ambako ndiyo kwanza maua ya milimani yamechanua. Yaani hachori mstari, anachora duara. Januari 2010 mmoja wao alivishwa pete ya mguuni mjini Tallahassee, Florida, na Juni mwaka huohuo akakamatwa tena Chenega Bay, Alaska. Aina hii imepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1970, na inanisikitisha.

Ratiba yenyewe inasogea. Watu wa Amerika Kaskazini walianza miaka ya 1880 kuandika kwenye kadi tarehe ya kwanza waliyomwona kila ndege, na kadi zile zilipolinganishwa na taarifa za 2001 hadi 2010 ilionekana kwamba koo-jekundu sasa anafika mapema kwa takriban siku 11 hadi 18. Milima ya Colorado tatizo limegeuka. Pale Gothic, ambako mwanaikolojia David Inouye alianza kuhesabu maua mwaka 1973, maua ya kwanza ambayo aina nyingine, mvumaji mkia-mpana, huyategemea yamewahi kwa kama siku 17, na ndege hajawahi kwa kiasi hicho. Mwili wake unasoma mwanga, nao mwanga haubadiliki. Maua yanafuata kuyeyuka kwa theluji.

Wanaoniuliza kuhusu maji ya sukari: kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, basi. Usitie rangi nyekundu, chombo chenyewe kikiwa na doa jekundu kinatosha. Usitie asali, huchacha na kuota ukungu unaomdhuru ndege. Wakati wa joto badilisha na kuosha kila baada ya siku mbili.

Yule wa kwenye video alikuwa dume. Koo lake lilionekana jeusi tii, kwa kuwa ule wekundu si rangi iliyopakwa kwenye manyoya, ni mwanga unavyorudishwa nayo. Alipogeuka kulikabili jua likawaka kama kaa. Akanywa mara tatu, akarudi nyuma kidogo, akapanda juu ya paa la jirani kuelekea kaskazini. Mama ameuliza atarudi lini. Nimemwambia Agosti au Septemba, akiwa amenenepa, na yeye aanze kuangalia mbayuwayu.