Usiulize darubini inakuza mara ngapi

Nimeulizwa tena: "Hii inakuza mara ngapi?" Tafadhali, ulizeni upana wa lenzi kuu, au wa kioo kikuu kama darubini hutumia kioo cha kuakisi mwanga.

Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi au kioo kikuu hadi pale mwanga unapokutana) ukigawanywa kwa ule wa lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia. Badili lenzi ya jicho, nao umebadilika. Ile "mara 525" kwenye maboksi ya darubini zenye upana wa milimita 60 hutoka hapa: fokasi ya milimita 700 gawanya kwa lenzi ya jicho ya milimita 4, unapata 175, kisha zidisha kwa lenzi ya Barlow ya mara 3, yaani lenzi ya ziada ya kuongeza ukuzaji. Hesabu ni sahihi, lakini huoni kitu! Mwanga wote unafika jichoni kama mwale wa milimita 0.11 hivi. Sayari inafifia, kingo zinavurugika, na vivuli vinavyoelea ndani ya jicho lako vinaonekana vizuri kuliko mikanda ya Mshtarii. Gusa stendi kidogo tu, sayari imekwenda.

Kanuni yetu ni mara 2 kwa kila milimita ya upana, yaani 120 kwa darubini ya milimita 60. Hata hiyo siiamini kikamilifu. Nyota zikimetameta sana, hewa imechafuka, na kioo cha milimita 200 hushindwa kufika hata nusu ya kanuni. Usiku ukitulia, kuna nyota pacha ambazo naziangalia kwa kuivuka kanuni hiyo bila majuto.

Tena vingi vya angani havihitaji kukuzwa sana. Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610 kwa takriban mara 20. Pete za Zohali, zikiwa zimeinama vya kutosha, hujitokeza kwa mara 30. Kilimia, lile kundi la nyota, ukikikuza mara 100 hakienei tena kwenye uwanja wa kuonea. Galaksi ya Andromeda ni pana kuliko Mwezi mpevu. Haikosi ukubwa, inakosa mwanga. Ndiyo maana kioo cha milimita 150 kwenye kitako cha Dobson (kitako rahisi cha kuzungushia darubini kwa mkono), kinachokusanya mwanga zaidi ya mara 6 ya lenzi ya 60, ndicho ninachopendekeza. Fedha haitoshi? Darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake zina upana wa milimita 50.

Simu weka mbali. Macho yanataka dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Anza na lenzi ya jicho ya milimita 25, ongeza ukuzaji taratibu, na pale maelezo mapya yanapokoma kujitokeza, rudi hatua moja.